Nyuzi za kutengenezwa zinaweza kweli kushika maji kama nywele za mnyama? (brashi za rangi za maji)

Kidole_Buluu

Wakuu salaam. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa rangi za maji.

Nachora mandhari, hasa mawingu na maji. Brashi zangu zote ni sintetiki, na ni kwa kutaka mwenyewe. Sipendi mnyama auawe kwa ajili ya mkia wake, na singa za nguruwe ndiyo kabisa sizigusi, kwa sababu za dini. Sasa mwalimu wangu ameniambia waziwazi kwamba nikiendelea na "plastiki" nitabaki palepale nilipo. Sikumbishia, lakini sikuridhika.

Kinachonisumbua ni hiki. Nikichukua brashi ya duara namba 10 nikaishibisha rangi, mguso wa kwanza tu unamwaga dimbwi kwenye karatasi. Nikivuta mkono, sijafika hata nusu ya anga brashi imeshakauka na inaacha mikwaruzo myeupe. Nikirudi kuchovya, ukingo wa rangi ya mwanzo umeshaanza kukauka, na zinapokutana panabaki mstari mbaya usiofutika. Halafu brashi yangu ndogo ya kuchorea vitu vidogovidogo ncha imejikunja kama ndoano, haichongoki hata nifanyeje.

Je, hili ni kosa la nyuzi au la mkono wangu? Na zile brashi zilizoandikwa "kindi wa kuiga" zina tofauti yoyote, au ni maneno ya kuuzia tu?

---

Bi_Karatasi

Ndugu yangu, mwalimu wako hakudanganyi, ila anakueleza habari za brashi za zamani. Mimi nachora mimea: majani, mbegu, mishipa ya petali, kazi ambayo yote iko kwenye ncha. Nimetumia brashi za nywele za kolinsky sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi na najua utamu wake. Lakini leo kwenye kopo langu imebaki moja tu, nyingine zote ni sintetiki, na wanaonunua michoro yangu hawajawahi kuniuliza swali.

Dimbwi lako ni tabia ya nyuzi, usijilaumu. Unywele wa mnyama ukiuweka chini ya darubini utaona magamba yanayopandana kama vigae vya paa. Maji yanapata pa kujishika. Tena unywele ni keratini, na keratini yenyewe inakunywa maji, karibu thuluthi ya uzito wake ikishiba. Ongeza umbo. Unywele wa kolinsky (huyu ni kicheche wa Siberia, *Mustela sibirica*, na nywele zinazotakiwa ni za mkiani, za majira ya baridi) ni mwembamba shinani, unanenepa katikati, kisha unachongoka polepole hadi unaishia kwenye ncha isiyoonekana. Ukizifunga nyingi pamoja, yale manene ya katikati yanafanya tumbo la brashi, na katikati ya nywele zinabaki nafasi finyu zinazofuga maji. Maji yanashikiliwa humo kwa mvutano wa uso wake. Karatasi ikivuta, yanashuka kidogokidogo, kwa adabu.

Uzi wa nailoni wa kawaida haujui adabu hiyo. Unatoka kwenye tundu la mashine ukiwa laini mno na unene mmoja mwanzo mpaka mwisho. Maji hayana pa kujishika, kwa hiyo yanakaa nje nje, na ncha ikigusa karatasi yanateremka yote kwa pamoja. Hilo ndilo dimbwi lako. Kinachofuata ni ukame, kwa sababu ndani hamkuwa na akiba.

Sasa kuhusu "kindi wa kuiga". Yapo maneno ya kuuzia, lakini pia kuna kazi halisi imefanyika. Watengenezaji wamejifunza kuchonga ncha: nyuzi za poliesta, hasa ile iitwayo PBT, huchovywa ncha zake kwenye sodiamu haidroksaidi, dawa inaila poliesta kutoka nje, na uzi unatoka umechongoka sawasawa na unywele. Wengine wanazikunja nyuzi mawimbi madogo ili zisilaliane na maji yapate vyumba. Wengine wanachanganya nene na nyembamba, ndefu na fupi, ndani ya brashi moja: zile nene zinaleta mnesho, zile nyembamba zinafuga maji. Hapo ndipo tofauti ya brashi ya leo na ile aliyoikataa mwalimu wako.

Kwa mawingu yako tafuta zinazoiga kindi. Princeton Neptune na da Vinci Casaneo ni za namna hiyo na zinabeba maji mengi kweli. Zinazoiga kolinsky, mfano Escoda Versatil, zina mnesho zaidi na ncha kali, ni za kazi kama yangu. Lakini wewe kwa msimamo wako soma maandishi kwa makini: Silver Black Velvet inasifiwa sana na inafaa sana, ila ni mchanganyiko wa sintetiki na kindi wa kweli. Wengi wanaisifia kama sintetiki, na siyo.

Mkono nao una la kujifunza. Ukishashibisha brashi, igusishe kwanza kwenye mdomo wa kopo upunguze lile tone la nje, ndilo linalomwaga. Inua ubao wako upande wa juu, kiasi tu cha rangi kuteremka. Anza juu, vuta mstari wa ulalo, na hakikisha chini yake pamebaki ushanga wa rangi, yaani ile rangi iliyojikusanya ukingoni na kusubiri. Mstari unaofuata unaugusa ushanga ule na kuushusha. Ushanga ukiwepo, ukingo haukauki, hata ukienda kuchovya. Na kwa anga namba 10 ni ndogo. Chukua brashi pana bapa, au ile nene ya kumwaga rangi. Mwenye kolinsky anaweza kufanya ukaidi na brashi ndogo. Sisi wa sintetiki tunaongeza saizi, mambo yanaisha.

Ndoano: chovya ncha tu kwenye maji ya moto, yasiwe yanachemka, kwa sekunde chache. Joto linalegeza plastiki. Itoe, ichonge kwa vidole ikiwa bado ina joto, kisha ilaze ikauke. Usizamishe mpaka kwenye pete ya chuma, gundi iliyomo ndani italegea na mpini wa mbao utavimba. Na usiache tena brashi imesimama kichwa chini ndani ya kopo la maji. Najua unafanya hivyo, kila mwenye ndoano anafanya hivyo.

---

Mzee_wa_Paleti

Bi Karatasi, heshima yako, lakini umemaliza haraka mno habari za kolinsky.

Winsor & Newton wanatengeneza brashi zao za kolinsky ziitwazo Series 7 tangu 1866, Malkia Victoria alipoagiza atengenezewe brashi bora kabisa kwa ajili yake, na namba 7 ndiyo aliyoipenda. Haijaisha sokoni mpaka leo, na sababu haiwezi kuwa jina tu. Mimi nina brashi ya kolinsky ambayo imewapita umri wanafunzi wangu kadhaa na ncha yake bado inasimama. Sintetiki nazipenda wiki za mwanzo, halafu ncha inaanza kutawanyika, na ikishatawanyika hairudi. Unaitupa, unanunua nyingine. Unywele ukitupwa unaoza. Ile plastiki inakwenda wapi? Kijana anasema anawahurumia wanyama, basi awahurumie na wa baharini.

Tena mtu akijifunza kwa brashi inayomwaga, anajifunza kuogopa maji. Nimeona wanafunzi wanaopaka rangi za maji kwa woga, wanapapasa papasa, kumbe walianza na brashi mbovu.

---

Bi_Karatasi

Mzee, hilo la kuogopa maji nakubaliana nawe mia kwa mia. Na la kuisha haraka pia ni kweli kwa brashi ya kuchorea ncha. Karatasi ya rangi za maji ina ukwaruzo, inasaga. Uzi uliochongwa kwa dawa una ncha nyembamba sana, ikishasagika hakuna tena. Mimi huhesabu ncha ya sintetiki kuwa kitu cha kutumika na kuisha, sawa na karatasi. Ikichakaa inashuka cheo: inakuwa ya kukorogea rangi, kisha ya kupaka gundi ya kuzuia rangi, ile inayogandamana na ambayo hakuna mwenye akili anayeichovyea kolinsky. Hazifiki jalalani mapema kama unavyodhani.

Ila kolinsky nayo usiisafishe sana. Mnyama huyu hanyolewi mkia akaachwa aende zake. Kwa sehemu kubwa ananaswa porini. India imemwandikisha kwenye Kiambatisho cha III cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na 2013 wakaguzi wa wanyamapori wa Marekani walianza kuzizuia shehena za brashi hizi kwa sababu ya hati. Wengi walijaribu sintetiki nzuri kwa mara ya kwanza wakati ule, rafu zikiwa tupu. Huruma ilikuja baadaye, kama ilikuja.

Na kwa kuwa tunasemana ukweli: brashi nyingi za "ngamia" hazina hata unywele mmoja wa ngamia. Ni kindi, mbuzi, farasi, chochote kilichokuwepo kiwandani. Kwa hiyo hata mpenda nywele halisi mara nyingi hajui ameshika nywele za nani.

---

Fundi_Herufi

Mimi naandika mabango na napaka kuta, mambo ya maua na mawingu siyajui. Lakini naona mnazungumza kama sintetiki ni kitu kimoja. Kuna nailoni na kuna poliesta, na kwenye maji tabia zao hazifanani.

Nailoni inakunywa maji. Siyo kama unywele, lakini inakunywa: aina ya nailoni iitwayo 6.6 ikizama mpaka ikashiba inaweza kubeba takribani asilimia 8 ya uzito wake. Ndiyo maana brashi ya nailoni asubuhi ni ngumu, na baada ya saa kadhaa kwenye rangi ya maji inalegea. Poliesta haifiki hata asilimia 1, kwa hiyo inabaki na ugumu uleule kutwa nzima, hata kwenye joto. Nailoni nayo ina sifa yake, haisagiki haraka, ukuta wa kukwaruza inauweza. Kwa hiyo brashi nzuri za kuta zina mchanganyiko wa zote mbili, na hapo hakuna cha kubishana.

Nywele za nguruwe kwenye rangi ya maji ya ukutani ni kujitesa. Zinavimba, zinalegea, zinatawanyika kama ufagio, na mistari unaiona mpaka ng'ambo ya barabara. Zinafaa kwenye rangi za mafuta na vanishi. Sababu ni kwamba ncha ya singa ya nguruwe imegawanyika kwa maumbile, unywele mmoja una vincha viwili vitatu, na vile vinabeba rangi nzito na kuilaza laini. Sintetiki siku hizi wanazipasua ncha kwa mashine ili zipate tabia hiyohiyo. Zinakaribia.

Wanaotumia rangi za akriliki ndio wasijaribu kabisa nywele laini za mnyama. Akriliki ina ualkali, unaila keratini polepole, na ikikaukia karibu na pete ya chuma ndiyo basi tena. Sintetiki unaweza kuikwangua ikarudi kazini.

---

Poda_na_Wanja

Nimepita tu, kazi yangu ni kupamba nyuso, lakini swali ni hilohilo kwetu.

Kwenye vitu vya majimaji, yaani fandesheni, krimu, rangi ya mdomo, sintetiki imeshinda zamani. Uzi laini haunywi krimu, unaiacha juu ya ngozi. Nywele za mbuzi zinainyonya, nusu ya chupa inaishia ndani ya brashi. Kwenye poda ndipo nywele zinatamba: yale magamba aliyoyasema dada Bi Karatasi yanaikamata poda na kuiachia kidogokidogo. Kumano, kule Hiroshima, Japani, wana brashi za mbuzi na kindi ambazo ukizipitisha shavuni hutaki kuzirudisha. Nazitamani, siwezi kusema uongo. Lakini mimi nashika nyuso za watu wengi, lazima nioshe baada ya kila mteja, na sintetiki inaoshwa kwa sabuni kali na kukauka upesi. Nywele halisi ukizifanyia hivyo kila siku zinakakamaa.

Halafu hakuna aliyetaja nondo. Viwavi vya nondo wa nguo wanakula keratini. Brashi za nywele zikikaa kwenye droo bila kutumika unaweza kufungua ukakuta upara. Nailoni hawana habari nayo.

Na jingine la kutisha kidogo: wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kuna askari wa Uingereza na Marekani walipata kimeta kutokana na brashi za kunyolea ndevu. Zilitengenezwa kwa nywele za farasi ambazo hazikusafishwa ipasavyo, na mtu akijikata kwa wembe vijidudu vinapita hapohapo. Siku hizi nywele zinatibiwa kiwandani, msiogope brashi zenu, ila zile za kale za kurithi au za mnadani mimi nisingejipitishia usoni.

---

Mzee_wa_Paleti

Nondo ni kweli. Kipande cha mbao ya mwerezi ndani ya sanduku, na brashi zioshwe sabuni kabla ya kuwekwa. Wanapenda zaidi zenye uchafu.

Bi Karatasi, nimekusikia. Hebu nieleze basi ile kolinsky moja uliyobaki nayo ni ya nini, kama sintetiki zimetosha.

---

Bi_Karatasi

Umenishika, Mzee. Ni namba 3, na kazi yake ni mstari mrefu: bua la nyasi, kutoka chini ya karatasi mpaka juu, bila kuinua mkono, unene ukipungua taratibu. Sintetiki ya saizi hiyo hiyo ncha yake ni kali kama hii, labda zaidi, lakini rangi inaisha njiani. Kwenye kitu kifupi sioni tofauti. Kwenye bua lenye urefu wa kiganja naiona. Sijapata sintetiki ndogo inayobeba rangi ya safari nzima. Kubwa zipo, ndogo bado. Nadhani ni suala la nafasi tu: brashi ndogo ina nyuzi chache, hivyo kila uzi ungepaswa kubeba zaidi, na uzi laini hauwezi.

Ikichakaa sitanunua nyingine. Nitayagawa mabua yangu mara mbili na kuficha kiungo nyuma ya jani, wengine wanafanya hivyo na mchoro haulii.

---

Kidole_Buluu

Ahsanteni sana, sikutegemea darasa zima. Nimejaribu lile la ushanga na ubao ulioinuliwa kwa brashi ileile ninayoilalamikia. Anga imetoka bila mstari isipokuwa pembeni kidogo. Brashi bapa nitaitafuta.

Maswali mawili ya mwisho. Nikiwa dukani, nitajuaje sintetiki nzuri na mbaya wakati zote zimesimama wima, ngumu, zina ncha kama sindano? Na nina brashi za zamani nilizopewa na mtu, maandishi yamefutika. Nyingine zina rangi ya maziwa, nyingine kahawia. Nitajuaje kama kuna ya nguruwe ndani yake?

---

Bi_Karatasi

Dukani hiyo ncha ya sindano ni ya gundi, brashi mpya huchovywa kwenye gamu ili isiharibike njiani. Usiihukumu mpaka gamu itoke. Omba maji. Duka la maana la vifaa vya uchoraji litakupa kikombe, na lisilotaka kukupa nenda kwingine. Korogea brashi mpaka ilainike, kisha ikung'ute mara moja, kwa nguvu, kwa kifundo cha mkono. Nzuri inajikusanya yenyewe na kuchongoka. Ikibaki na vichwa viwili, irudishe. Baada ya hapo ibonyeze ubavu kwenye ukucha wa kidole gumba na uiachie: kwa kazi yako ya anga inyooke polepole, kwa kazi ya ncha iruke mara moja. Mwisho ichovye tena na uinue ukiielekeza chini. Inayodondosha matone yenyewe kabla hujagusa kitu, ndiyo ile ya dimbwi.

Rangi ya nyuzi usiifuate. Nyuzi zinapakwa rangi ya kahawia ili zifanane na kolinsky, hiyo haibadilishi chochote.

---

Fundi_Herufi

La pili nakujibu mimi. Ng'oa uzi mmoja karibu na pete, ushike kwa kibanio, upeleke kwenye moto wa kiberiti. Plastiki inarudi nyuma, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu ambacho kikipoa hukisagi kwa vidole. Nywele zinanuka harufu ya nywele zilizoungua, huwezi kuikosa, na kinachobaki ni kijivu cheusi kinachosagika kuwa unga. Ng'oa kutoka sehemu mbili tatu za brashi hiyohiyo, katikati na pembeni, maana kuna za mchanganyiko.

Moto hautakuambia ni mnyama gani. Kwa hilo, iliyonuka nywele chukua uzi wake mwingine, uweke juu ya karatasi nyeusi na uutazame ncha kwa kioo cha kukuza. Singa ya nguruwe ni nene, ina ukakasi, na ncha imepasuka matawi. Mbuzi, kindi na farasi ni nyembamba na ncha yao ni moja. Ila kama ncha imekatwa kwa mkasi hutaona kitu, na brashi za bei ya chini nyingi zimekatwa. Hapo, kwa msimamo wako, yoyote nene iliyonuka nywele mpe mtu anayepaka vanishi.